Mwenye Chombo na Kilichomo Chomboni



Kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma hapa Sepuka, katika wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida, naye sasa ni baba wa watoto watatu, alinijia baada ya sala ya Ijumaa akaniuliza: “Maalim, king’amuzi ni halali au ni haramu?” Nilipomtazama usoni nikafahamu kuwa amekwisha kukinunua, na kwamba kimo nyumbani ndani ya boksi lake kikingoja fatwa. Nilimwomba muhula wa kufikiri. Akaenda zake hakuridhika, kwani alitaka neno moja, nami neno moja sikuwa nalo. Makala haya ndiyo jawabu langu kwake. Nimeona niyaandike hapa ili wayasome na ndugu zangu wa pwani, maana kwao chombo hiki kilitangulia kufika, na jambo lenyewe, kama nitakavyoeleza, wao walilijua tangu zamani kwa sura nyingine.

Kwanza tufahamiane tunazungumza nini. Ipo kampuni ya China iitwayo StarTimes. Ilianzishwa Beijing mwaka 1988 na Bwana Pang Xinxing, na kazi yake ya asili ilikuwa mitambo, yaani vyombo vya kupitishia na kupokelea matangazo. Haikuwa kampuni ya waimbaji wala ya waigizaji. Kisha ikaja Afrika, ikaanza Rwanda mwaka 2008, na hapa kwetu ikaungana na Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, katika kampuni ya ubia iitwayo Star Media. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya zamani ya televisheni ilizimwa Dar es Salaam, mikoa mingine ikafuata kwa zamu, na tangu hapo mwenye televisheni asiye na king’amuzi akawa na kioo tu cha kujitazamia. Kampuni hiyo ikawa miongoni mwa zile ziuzazo kisanduku hicho. Lakini haikusita hapo. Ilinunua haki za kuonesha mpira wa Ujerumani, Bundesliga, kwa misimu mitano kuanzia mwaka 2015. Ikaonesha Kombe la Dunia la mwaka 2018. Ikafungua vituo vyake yenyewe, kimoja kikiitwa ST Swahili. Na ikawa inatia sauti za Kiswahili katika michezo ya kuigiza ya Kichina, hata mwaka 2016 yakafanywa hapa nchini mashindano ya kutafuta wenye sauti nzuri, na washindi wakapelekwa Beijing kwa kazi hiyo. Aliyekuwa akiuza kikombe sasa anauza na kinywaji.

Imam Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, katika kitabu chake cha Ihyaa, alipoufikia mlango wa kusikiliza nyimbo na sauti, hakukimbilia neno moja kama alilolitaka kijana wangu. Alilichambua jambo. Alisema, kwa maana ya maneno yake, kuwa kusikiliza kwaweza kuingiliwa na uharamu kwa njia tano. Ya kwanza ni kwa upande wa yule anayesikilizisha. Ya pili ni kwa upande wa ala. Ya tatu ni kwa upande wa maneno yanayosemwa. Ya nne ni kwa upande wa nafsi ya msikilizaji. Na ya tano ni ya yule mtu wa kawaida ambaye hana ubaya katika hayo manne, lakini amelifanya jambo hilo kuwa ndiyo ada yake na ndiyo shughuli ya wakati wake. Wapo maulamaa waliomkhalifu katika mlango huu wakakaza zaidi, na dalili zao wanazo, wala mimi si mtu wa kuwahukumu leo. Ninachokihitaji ni ule uchambuzi. Kwani ukiutazama vizuri utaona kuwa katika zama zake mambo hayo yalikuwa mikononi mwa watu mbalimbali. Fundi wa udi alijua mti na nyuzi, akishauza udi wake hana khabari utapigwa wapi. Mshairi alikuwa na maneno yake, mwimbaji na sauti yake, na msikilizaji alikuwa na wakati wake, akitaka kuinuka huinuka. Sasa tutazame inakuwaje pale ala, na maneno, na anayesikilizisha, hata na wakati wa msikilizaji, vyote vinaposhikwa na mkono mmoja.

Watu wa pwani wataniambia: “Sheikh, hilo si geni kwetu.” Nami nasema kweli, si geni. Mombasa kulikuwa na duka liitwalo Mbwana Radio Service, na jina lake lenyewe laeleza lilivyoanza. Duka la redio hilo likawa larekodi taarabu, na kanda zake zikaenea pwani. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na Zuhura Swaleh, na Maulidi Juma, na Zein l’Abdin, sauti zao ziliingia majumbani kwa mlango huo. Nilipokuwa Tanga kwa masomo nilizisikia kanda za namna hiyo usiku zikivuka ukuta kutoka nyumba ya jirani, nasi wanafunzi tumekaa kwenye mkeka tumefungua vitabu vya nahau, kila mmoja akijifanya kuwa haelewi kinachoimbwa. Mwalimu wetu alikuwa akikohoa tu. Baadaye nilipokuwa mtu mzima nilifahamu kuwa naye alikuwa akisikia.

Je, alikosea fundi wa redio kugeuka mtu wa muziki? Yapo ya kulaumiwa katika taarabu, na mashekhe wetu waliyasema juu ya mimbari bila ya kuona haya: mchanganyiko wa wanaume na wanawake, na lahani za filamu za Kihindi zilizovishwa maneno yetu, na zile nyimbo za mafumbo ambazo jirani alitungiwa akajijua. Lakini mkosoaji asiyefanya uadilifu ni mgomvi tu. Maneno mengi aliyoyaimba Juma Bhalo yalitungwa na Ahmad Nassir, malenga wa Mombasa, mtu wa jamaa yake, na ushairi wake ni ushairi hasa, wenye vina na mizani na fikira. Mwenye duka hakuyatunga maneno yale wala hakuyaagiza yatungwe hivi au vile. Nyimbo za namna ile zilikuwa na maisha yake harusini kabla ya kuwa na maisha dukani. Ziliimbwa mbele ya bibi zetu, waliojua wapi fumbo linaishia na tusi linaanzia, na wimbo uliopita mpaka ulijulikana usiku uleule. Na mfanyabiashara wa mtaani huishi mtaani. Akiuza asubuhi kanda ya kumvunjia mtu heshima, adhuhuri atakutana na baba wa yule mtu penye birika la kutawadhia, na hapo hapana kampuni ya kujificha nyuma yake. Sisemi kwamba hilo lilitosha kuzuia kila ubaya. Nasema kulikuwa na pa kupelekea shauri.

Kisha kuna jambo la pili, nalo kwangu ni kubwa kuliko la kwanza: kanda yenyewe ilikuwa chombo kilicho wazi. Kaseti ni kazi ya kampuni ya Philips ya Uholanzi, watu wa redio na taa za umeme, walioionesha mara ya kwanza Berlin mwaka 1963, kisha wakawaachia watengenezaji wengine waitengeneze bila ya kulipia haki. Nao Philips walikuwa mafundi walioingia katika burudani kabla ya Wachina. Nairobi kulikuwa na kampuni yao ya santuri, iliyokuja kujulikana kwa jina la PolyGram, na nyimbo za bendi zetu zilizorekodiwa na Radio Tanzania zilipelekwa huko zikatolewa kwa santuri, kwani sisi hatukuwa na kiwanda cha kazi hiyo. Santuri ni chombo kilichofungwa. Hakuna mtu wa Sepuka wala wa Pangani awezaye kuijaza nyumbani kwake. Lakini kaseti, mtoto wa fundi yuleyule, ilimharibia baba yake biashara ya santuri, kwa sababu kila mwenye redio-kaseti na vidole viwili aliweza kuijaza.

Waliijaza wezi, wakanakili jasho la watu wakaliuza, na hiyo ni dhuluma, wala tusiipambe kwa kuwa bei ilikuwa rahisi. Lakini kaseti hiyohiyo ndiyo iliyobeba darsa za marehemu Sheikh Nassor Bachu wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013. Zilivuka bahari zikaingia bara, zikapita mkono kwa mkono, zikasikilizwa vijijini na watu wasiowahi kuiona Unguja, wakabishana juu yake mpaka usiku. Hapakuwa na mtu Uholanzi wa kuombwa rukhsa. Hapakuwa na meneja wa kusema darsa hii ni ndefu mno, au haina wanunuzi. Aliyetengeneza chombo alikuwa amekiacha mlango wazi, na kila mtu akaingia na mzigo wake.

Kwa nini basi mafundi wa namna hii hawatosheki na ufundi wao? Sababu yao yafahamika, wala si uchawi. Kampuni ya Sony ya Japani ilitoa mtambo wa video wa Betamax mwaka 1975. Mwaka uliofuata wapinzani wao wakatoa VHS. Na ijapokuwa wengi waliusifu mtambo wa Sony kwa uzuri wa picha, ulishindwa sokoni. Miongoni mwa mafunzo waliyoyachukua ni kuwa mwenye mtambo asiyekuwa na filamu za kutia ndani yake ni kama mwenye mtungi jangwani. Basi mwaka 1988 wakainunua nyumba ya muziki ya CBS ya Marekani, na mwaka 1989 wakainunua nyumba ya filamu ya Columbia.

Matsushita nao wakawafuata. Hawa wazee wa Singida wanawajua bila ya kujua kwamba wanawajua, kwani ndio waliokuwa na kiwanda cha betri za National pale Dar es Salaam, zile tulizokuwa tukizianika juani zikiisha nguvu ili tupate taarifa ya habari ya siku moja zaidi. Mwaka 1990 kampuni hiyo ya betri ilinunua kampuni ya MCA ya Marekani, wenye nyumba ya filamu ya Universal, kwa dola zaidi ya bilioni 6. Hawakuiweza. Mwaka 1995 waliuza sehemu kubwa yake kwa Seagram, kampuni ya Kanada, na Philips nao mwaka 1998 wakawauzia Seagram haohao PolyGram kwa dola zaidi ya bilioni 10. Na Seagram ni nani? Ni watengenezaji wa pombe. Basi santuri za bendi zilizotolewa Nairobi chini ya jina la PolyGram, jina lao likatoka mkononi mwa muuza redio likaingia mkononi mwa muuza ulevi, na sisi huku tuliokuwa tukizisikiliza hatukupata hata khabari. Nalitaja hili kwa sababu wako wanaodhani kuwa nyimbo na michezo ina watu wake wanaoipenda, wanaokaa usiku kuifikiria. Huenda wako. Lakini juu yao yuko mtu aliyeinunua kwa sababu ya kiwanda kingine.

Sasa turudi kwenye kisanduku chetu. King’amuzi si kaseti. Matangazo ya sasa hurushwa yamefumbwa kwa tarakimu, mnara mmoja ukabeba vituo vingi, na kisanduku ndicho chenye kuyafumbua. Ufunguo hauko nyumbani kwako. Uko kwa mwenye kampuni, naye akiwa mbali aweza kukufungulia na kukufungia bila ya kunyanyuka kitini. Wewe umekinunua chombo kwa fedha zako, kiko juu ya kabati lako, kitambaa cha mama watoto kimetandikwa chini yake, lakini huwezi kutia ndani yake hata Bismillahi moja ya mwanao. Hicho ndicho chombo kilichofungwa kamili kuliko santuri, kwani santuri angalau ukishainunua ni yako mpaka ikwaruzike.

Nisidhaniwe kuwa nasema kilichomo ndani ni kibaya chote. Nitatoa mfano wa kazi moja ambayo naona imepuuzwa na watu wa dini kwa haraka. Mwaka 2011 TBC ilionesha mchezo wa Kichina uliotiwa sauti za Kiswahili, “Dou Dou na Mama Wakwe Zake”. Si StarTimes walioutengeneza; uliigizwa China, na Kiswahili kilitiwa na Redio ya Kimataifa ya China. Lakini mchezo huo ndio ulioonesha kuwa Mswahili atakaa kumtazama Mchina akiongea lugha yake, na mafanikio yake yaliwafungulia njia wote waliofuata. Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013 aliutaja katika hotuba yake. Si kila mchezo wa kuigiza unatajwa na rais wa dola kubwa akiwa ugenini, na hilo latosha kutuonesha kuwa haukuletwa kwa ajili ya kuchekesha tu.

Kisa chake ni cha muuguzi mmoja, Mao Doudou, aolewaye na kijana mpiga picha, Yu Wei, ambaye wazazi wake wameachana na baba ameoa tena. Kwa hivyo binti anajikuta ana mama wakwe wawili, kila mmoja na kiburi chake. Asiyeona humo sura ya nyumba zetu ana macho mabovu. Ni nyumba ngapi za Tanga, na za Bagamoyo, na za hapa Sepuka, ambamo mke wa mwana anavutwa huku na mama mzazi wa mumewe na huku na mke wa baba, naye hana pa kupumua? Na binti yule hazui moto kwa moto. Anavumilia, anapatanisha, anaunga udugu uliokatika. Sisi tunaita jambo hilo silatur-rahm, tunalisomesha, na aghlabu tunalisomesha kwa ukavu kiasi ambacho wanafunzi wanasinzia. Nakiri kwamba wake wa Sepuka waliouona mchezo ule walizungumza juu ya subira kisimani kwa wiki nyingi kuliko walivyopata kuzungumza juu ya khutba yangu yoyote.

Kasoro yake ni nyingine. Kiswahili chake ni sanifu, kinafahamika Lamu na kinafahamika Kigoma, lakini hakina kwao. Mama mkwe wa pwani akikasirika hasemi alichokikasirikia; husema khabari ya kuku, au ya kitanga cha mkeka, na mkwewe hufahamu akainama. Katika mchezo watu husemezana waziwazi, wakagombana waziwazi, kisha wakapatana. Na zaidi ya hayo, katika nyumba ile hamna Mungu. Subira ya binti yule ni njema lakini haina anayeitegemea. Anavumilia ili nyumba itulie. Mwanamke wa Kiislamu anayevumilia hata nyumba isipotulia, kwa kuwa anatazamia malipo kwingine, hana mfano wake ndani ya kisa kile. Sitegemei Wachina watuandikie kisa hicho. Nashangaa tu kwamba sisi wenye kisa hatujakiandika, na hata tungekiandika, ingetubidi tukipeleke kwa mwenye ufunguo.

Lakini mchezo mmoja mwema si king’amuzi. Kinachouzwa ni kifurushi, cha siku, au cha wiki, au cha mwezi, na ndani ya kifurushi subira ya Doudou imefungwa pamoja na mambo ambayo sitayaandika katika jarida linalosomwa na watoto. Hukuruhusiwa kununua kile ukaacha hiki. Muuza samaki wa feri akikwambia huuziwi nguru mpaka ununue na kambare aliyeoza, utamwacha uende kwa mwingine. Hapa twalipa, kisha twasema tutakigeuza kituo. Ving’amuzi aghlabu vina namba ya siri ya kufungia vituo visivyotakiwa, na ni jambo jema. Nimewauliza wazazi kumi na mmoja hapa kijijini, na tisa waliniambia kuwa mjuzi wa namba hiyo nyumbani kwao ni mtoto.

Na hapa ndipo ninapoiona njia ya tano ya Ghazali, ile ya ada. Wengi wetu tukikosoa televisheni hukimbilia njia ya tatu, ya maneno na picha: wamevaa nini, wamesema nini. Hilo ni kweli lakini ni rahisi. Jambo lililo gumu ni kwamba biashara ya mwezi haiuzi mchezo wala mpira. Inauza mazoea. Siku ulizolipia zinakwenda, umeme ukiwepo au usiwepo, ukitazama au ukilala, msibani au arusini. Kwa fiqhi naona ni ijara, na ijara ya muda unaojulikana kwa ujira unaojulikana haina neno. Lakini itazame kazi yake ndani ya moyo. Mtu aliyekwisha kulipa huona kila saa asiyotazama ni saa iliyoibiwa. Hutazama asichokipenda ili asipate hasara. Ghazali alisema kwamba mchezo ulio halali nao huharibika kwa kudumu nao, kama vile dhambi ndogo zinavyokua kwa kukaririwa. Yeye aliogopa udhaifu wa nafsi ya mtu. Hakuijua kampuni ambayo faida yake yote imesimama juu ya udhaifu huo, ikauhesabu kwa mwezi.

Juu ya mpira nitasema machache. Kutazama watu wakicheza mpira si haramu kwa asili yake, mradi uchi ufunikwe na sala isipotee. Lakini pamoja na mpira wa Ulaya kumeingia vijijini kubashiri kwa fedha, na kubashiri huko ni kamari, na kamari haina khilafu ya maulamaa wala haihitaji Ghazali. Vijana wanaojua majina ya wachezaji wa Ujerumani kumi na mmoja mfululizo, na hawajui nguzo za udhu, hawakuyajua majina hayo kwa kupenda mpira pekee.

Huko pwani mtaniambia kuwa simu imekwisha kuyapita yote haya. Huenda. Unguja waliona televisheni ya rangi tangu mwaka 1974, na Tanzania Bara tukangoja mpaka mwaka 1994, na katika miaka ishirini hiyo mengi yaliyotupata sisi baadaye ninyi mlikuwa mmekwisha kuyazoea. Lakini simu mtu huitazama peke yake, na dawa yake ni nyingine. King’amuzi hukaa sebuleni, baba na mama na mama mkwe na mtoto wamekizunguka, na hicho ndicho kinachonifanya nikione ni kikubwa zaidi. Sebule ndipo mahali pekee ambapo wale bibi wa harusini waliokuwa mahakimu wa nyimbo wangeweza tena kukaa wakahukumu, kama wangekuwa na cha kuhukumu isipokuwa kuzima.

Kwa hivyo kijana wangu, jawabu ni hili. Kisanduku hakina hukumu, ni plastiki na waya. Lakini usiniambie umenunua chombo. Umemkaribisha mtu nyumbani, naye ana maneno yake, na saa zake, na ada yake ya mwezi, na wewe hujui jina lake. Mgeni wa namna hiyo hakatazwi kuingia, ila hukaa barazani, huondoka ikiadhiniwa, na haachwi peke yake na watoto. Ukiweza hayo, kitoe kwenye boksi. Usipoweza, kirejeshe dukani wakati risiti ingali mpya.

Mimi mwenyewe nimejaribu sehemu yangu, na mafanikio si makubwa. Baina ya Magharibi na Isha ndiyo saa ya chuo changu, na jirani na chuo kuna kibanda cha kuoneshea picha. Mwaka jana wanafunzi walipungua mpaka nikawa nasomesha viti. Nilimwendea mwenye kibanda, mtu muungwana, nikamwomba afunge saa hiyo moja tu. Alikubali, akafunga, watoto wakarudi. Ramadhani ilipokwisha akanijia akiwa na huzuni akasema: “Maalim, mimi nafunga, lakini yule wa ng’ambo ya barabara hafungi, na wateja wangu wote wamehamia kwake.” Nikamwambia nitakwenda kuzungumza na huyo naye. Yapata wiki tatu sasa. Sijakwenda, kwa kuwa nimesikia kuwa kibanda si chake, ni cha mtu wa Dar es Salaam, na yule kijana anayekaa mlangoni akikusanya mia mbili mbili hana amri ya kukizima.